Tabutany Si Wewe

Dada yangu Chebet,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hupendi mtu azungukezunguke. Nimechuma chai tangu umande haujakauka, na sasa nimeketi mbele ya taipureta kukuandikia, maana kila salamu ninayotuma kwako Kimulot hairudi na jibu.

Najua ni kitabu changu. Mara ya mwisho ulipokuja Roret kuniona, tuliketi pale kituo cha majani tukingoja lori, na mama mmoja akawa anawasomea wenzake habari za Tabutany, yule mwanamke niliyemtunga, anayetengeneza mursik, maziwa ya kugandisha kibuyuni, huku akiwaza kumwacha mumewe. Alipofika pale Tabutany anaposugua ndani ya kibuyu kwa kaa la mti wa senetwet, kisha anakibana shavuni kusikia kama kingali na joto, wote wakakugeukia.

"Si huyu ni Chebet kabisa! Kwani umechoka na bwana yako?"

Wakacheka. Wewe ulisema tu, "Umenianika," ukaondoka. Umbea ukafika Kimulot kabla yako, na sasa nasikia mama mkwe wako hana imani nawe tena. Inaniuma, dada.

Hilo la shavu ni lako, sikatai. Sijaona mwingine akifanya hivyo. Nikiwa mdogo uliniwekea kibuyu shavuni, ukaniambia, "Sikia, bado kinapumua." Nilikukumbuka sana nikiandika, nikaazima mikono yako. Watu hudhani mwandishi akichukua mikono ya mtu, amechukua na moyo wake. Wapi! Moyo nilikosa pa kuazima. Wako siujui, wa jirani siujui. Nikampa Tabutany huu nilio nao.

Wewe unampenda shemeji, hata kipofu anaona. Anayeamka akiwa amechoka kabla ya kushika kazi, anayepakua chakula huku akitamani kuwa mbali na meza ile, ni mimi. Miaka mingi sasa. Sikuweza kumwambia mtu, nikamwambia Tabutany.

Barua hii naipeleka gazetini, ili Kimulot nzima iisome na jina lako lisafike. Baba Kibet wangu pia husoma gazeti hilo, kila ukurasa.

Asome.

Msalimie shemeji. Kaa naye vizuri.

Mdogo wako,
Mama Kibet