Shifa Anakimbia kwa Mwendo wa Salamu

Mpumudde, Jinja
6 Novemba 1988

Kaka Muhamad,

Shifa amechaguliwa! Atakimbia mbio za Mbale, yeye peke yake kutoka Mpumudde yote, na wasichana aliowaacha nyuma ni wakubwa kwake, wengine wana viatu. Nimeona nilitoe hilo kwanza, lisinipasue kifua.

Sasa asalaam aleikum, mpendwa kaka yangu. Habari za Nakuru? Wifi Mastula hajambo? Na mgongo wake, umetulia? Naandika Kiswahili ili naye asome mwenyewe, asikungoje utoke kazini. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Wazima wawili tu. Nyumba ile uliyoiacha, ambayo mtu akipiga chafya aliitikiwa kutoka kila chumba, sasa ni mimi na mtoto. Nikipika bado napika sufuria kubwa, mkono haujajifunza.

Jafar bado. Mwaka wa tatu huu tangu mume wangu aende Tororo kununua sabuni ya duka, na wenzake wakarudi kusema aliteremshwa kwenye kizuizi cha askari. Kanzu zake nazifua zisinuke vumbi. Ndivyo ilivyo, siongezi neno.

Nirudi kwa mwanangu. Anayemfundisha ni Afande Oliver wa magereza. Oliver ni mwanamke, usishangae, huku jina hilo ni la wanawake. Ni Mtesot, Mkristo, mrefu anainama mlangoni. Mwanzoni sikumtaka. Unajua sisi na sare. Hata leo nikisikia mtu anabisha hodi kwa Kiswahili, lugha ya askari wetu, moyo unaingia chini ya kitanda kabla yangu. Lakini alikuja mchana, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema mtoto huyu ana miguu ila hana akili ya mbio. Nikamwambia, afande, akili kaipata kwangu, angalia vizuri.

Kumbe alisema kweli. Shifa akiambiwa anza, alitoka kama risasi. Akifika kona ya msikiti amewaacha wote, akifika shuleni ameinama anatapika, wenzake wanampita wakicheka. Kila siku hivyo hivyo. Mwisho Afande akamsimamisha.

"Wewe Shifa, nani anakufukuza?"

"Hakuna, afande."

"Basi mbona unakimbia kama umeona bunduki?"

Mtoto akamjibu hajawahi kukimbia namna nyingine. Kaka, nilikuwa nimesimama pale na kikapu changu, nikajifanya napanga nyanya. Ni kweli. Wakati ule wa vita nani alimfundisha mtoto kukimbia taratibu? Tulikimbia mpaka tulipoanguka, kisha tukajificha.

Na mimi nikaharibu zaidi. Kwenye mashindano yake ya kwanza hapa mjini alikuwa amejizuia vizuri, ametulia katikati ya wenzake. Nikamwona. Unajua sauti yangu. Nikapiga kelele, "Shifa, kimbia! Kimbia, mwanangu!" Walinisikia hadi Masese kwenye mitumbwi. Mtoto akashtuka, macho yakamtoka, akachomoka mbio bila kuangalia mbele, na kabla ya soko akawa amekaa chini kando ya barabara. Afande akanijia: "Mama Shifa, wewe ndiye adui wa timu." Hilo "kimbia" ni neno lile lile nililompigia kelele siku askari walipoingia Masese, mimi nyuma yake, namsukuma mgongoni.

Basi Afande akatuwekea sheria yake. Mwendo mzuri wa kuanzia ni ule ambao mtu bado anaweza kusalimia. Ukishindwa kuuliza habari za watoto, punguza. Ukiweza kusimulia ugomvi wote wa jirani, ongeza. Nami nikasema, salamu? Salamu niachieni mimi! Unajua hakuna Msoga anayenishinda kwa salamu.

Ndiyo maana sasa kila alfajiri, baada ya swala, jirani yetu Kirunda ananibeba nyuma ya baiskeli yake, Shifa anakimbia kando, na mimi namsalimia. Umeamkaje? Nimeamka vizuri. Nyumbani wazima? Wazima. Ng'ombe je? Hatuna ng'ombe, mama! Kirunda anacheka hadi baiskeli inayumba. Akianza kujibu kwa vipande vipande, namwambia shusha. Anashusha. Watu wa Mpumudde wanatoka milangoni kututazama, na mimi nakaa wima kama mke wa waziri.

Asubuhi moja ulimi ukateleza, maana salamu zina njia yake. Nikauliza, "Baba mzima?" Kirunda akaacha kukanyaga. Shifa hakusimama. Akajibu, "Baba mzima, mama," pumzi imetulia kabisa, akaendelea. Nilibaki nikitazama kisigino chake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Akifika miongoni mwa watatu wa kwanza Mbale, magereza watamchukua kwenye timu yao kule Luzira: kitanda, chakula, viatu, na baadaye kazi. Nataka ashinde. Naomba ashinde katika kila sijida. Na akishinda, sufuria ile itakuwa na mtu mmoja. Usinionee huruma, nakuambia tu kwa sababu wewe ni kaka yangu.

Kwa hiyo njooni. Tangu vita vitutawanye hatujakaa mkeka mmoja. Mama mdogo Nabalayo atatulaza wote pale kwake Mbale, na malewa, yale machipukizi ya mianzi, ameshayakausha. Yeye atasimama mwanzo wa barabara, mimi katikati, na watu wetu wote ni kusalimia tu, asilipige mtu lile neno. Ila wewe, kaka, nimekupa nafasi ya mwisho, penye kamba. Akitokea kwenye kona, mwite kwa nguvu zako zote, mwambie kimbia. Nataka safari hii alisikie likitoka mbele, kwa mjomba wake aliyenyoosha mikono.

Nisalimie wifi Mastula, na Mubaraka, na binti yenu Orpah mwambie shangazi hajasahau lile gauni. Afande Oliver anakusalimu, na Kirunda, na baiskeli yake. Mungu awafungulie njia na mpaka, awapitishe salama kila kizuizi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,
Mariat, mama wa mkimbiaji

Mbio ni asubuhi. Mfike kabla. Jumamosi, tarehe kumi Disemba.