Mume Wangu Amemchoma Baba Sindano ya Maji

Mshauri wangu mpendwa, salaam nyingi. Naomba msaada wako, maana leo siku ya tisa sijatulia, nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niendako, na tonge nikitia mdomoni halishuki.

Mimi ni mke wa dresa, mtibabu msaidizi wa zahanati ndogo upande wa Kikoneni. Mume wangu aitwa Sefu, na si mtu mbaya, nakuapia. Yalipoingia haya mafua makubwa ya mwaka huu wa 1957 watu walijaa mlangoni tangu alfajiri, kila mmoja ataka sindano ya peniselini, na Sefu akawaambia kwa upole kwamba peniselini ni ya kichomi na vidonda, mafua haiyawezi, nendeni mkalale mnywe uji, lakini nani wa kumsikiliza, wakamtukana kwamba awanyima dawa ya serikali, na jirani yetu Mishi akaondoka kwa hasira akaenda kuchomwa na mtu atembeaye na bomba la sindano mfukoni, akarudi na jipu la paja lililomlaza wiki mbili. Sefu ndiye aliyelipasua lile jipu. Kesho yake akaniambia, "Mwanapili, nichemshie maji safi sana." Basi tangu hapo kila mwenye mafua alimchoma maji, nami ndiye niliyeyachemsha, wakapona kwa siku nne tano kama ambavyo wangepona wakilala tu, na sifa zake zikaenea mpaka watu wakawa watoka Kombani kumfuata.

Kisha akaja baba yangu mzazi, Mzee Tsuma, na mafua yake. Sefu akamchoma maji, nami nilikuwapo, nikasema alhamdulillahi kwa kinywa changu hiki. Akapata nafuu siku mbili, siku ya tano homa ikarudi kwa nguvu, akawa ahema mbio, ubavu wamchoma. Sefu alipomsikiliza kifua niliona rangi yamtoka usoni.

"Baba, hiki sasa ni kichomi. Twende hospitali ya Msambweni leo hii, peniselini ya hapa imekwisha."

"Siendi. Nipige ile ile ya juzi, iliniponya."

"Ile haitoshi, baba."

"Basi nipige mbili."

Sefu akaniangalia, nami nikamwangalia. Ndipo nikapiga magoti penye kitanda, nikasema, "Baba, nisamehe. Ile ilikuwa maji."

Mshauri, mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe aliinuka akakaa kitako! "Niitieni gari," akasema, "nikafe mbali na mwongo huyu." Kwa hasira ile ile alipanda lori la mihogo mpaka hospitali, akachomwa peniselini ya kweli, na jana amerudi kwake mzima, amekonda tu.

Lakini ameleta neno: Sefu akiri mbele ya watu, ama nirudi nyumbani kwa baba na talaka ifuate. Sefu naye hasemi nami. Neno lake la mwisho ni kwamba nimemvua nguo mbele ya mkwewe, na kwamba akikiri, watu watamrudia yule wa bomba la mfukoni. Asubuhi ya leo alinisogezea sufuria kimya kimya, nje watu kumi na saba wangoja, nami nikayachemsha yale maji huku nalia. Nimtii nani, mume au baba?

Mwanapili

JIBU

Mwanapili mwanangu, pole kwa maradhi ya mzee. Neno ulilomwambia ndilo lililomfikisha hospitali, usilijutie.

Sasa kaa nikugombeze. Waniuliza umtii mume au baba. Na wale kumi na saba? Hukuniuliza habari ya hata mmoja wao. Baba yako alikuwa na binti wa kumpigia magoti. Mwenye kichomi wa kesho, akijilaza nyumbani akisema "mimi nimekwisha kuchomwa," atapigiwa magoti na nani?

Mumeo alianza kwa huruma, nami sina shaka nayo. Lakini kila tone la maji yale limewafundisha watu kwamba mafua huponywa na sindano, jambo alilokuwa akilikanusha mwenyewe. Yule wa bomba la mfukoni hana mpiga debe kama Sefu. Wala asije akadhani toba yake ni kuwachoma wenye mafua peniselini ya kweli! Umeona jinsi chupa inavyokuwa tupu siku inapotakiwa.

Kwa hiyo maji ya sindano usichemshe tena, hata sufuria ikisukumwa mpaka miguuni pako. Nendeni pamoja kwa Mzee Tsuma, Sefu atangulie na shikamoo, aombe radhi bila kujitetea. Wewe mwambie baba kwa adabu kwamba talaka haiponyi kifua cha mtu. Kisha Sefu amwandikie mkubwa wake wa kazi kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi asimame mlangoni pa zahanati awaambie watu. Watamtukana, avumilie, na wewe usimame kando yake, kwani uliyachemsha. Akimaliza kutukanwa awafundishe: mafua ni kulala, kunywa sana na kungoja, lakini anayehema mbio, anayechomwa ubavu, au aliyerudiwa na homa baada ya nafuu, asikae nyumbani.

Akikataa, andika wewe kwa mkubwa wake.

Jibu hili nakutumia kwa posta leo. Gazetini litatoka Ijumaa ijayo. Majina nimeyabadilisha, lakini watu wa upande wenu si wajinga. Mna siku saba za kusema wenyewe.

Bi Kanze