Dua ya Kimya katika Nyumba ya Mashine

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, uwagawie na watoto, na shemeji naye asikose fungu lake. Mguu wako umepungua kuvimba? Sisi huku tunapumua, na anayepumua hakosi la kusimulia.

Habari ya mume wangu ulishaipata: mkanda wa mashine ya kusaga ulimvuta mkono, na sasa amelazwa hospitali, wodi ya wanaume. Kidonda kikaingia uchafu, homa ikapanda, akawa hatutambui. Daktari alisema tungoje dawa ifanye kazi. Kungoja, dada, ndiyo kazi iliyonishinda. Hata fundo la kumbeba mtoto nililipiga na kulifungua mara tatu.

Sasa sikia ya ukweni. Ile nyumba na mashine vimeegemeana ukuta kwa ukuta. Wote wamekulia ndani ya ule mngurumo, kwa hiyo hata kuombana chumvi ni kwa kelele, na kumwomba Mungu ndiyo usiseme. Anayeongea polepole, kwao huyo anasengenya. Mimi unanijua, mbele za watu siwezi kuomba kwa sauti. Basi nikawa nakaa kando ya kitanda cha mume wangu, mkono kifuani pake, midomo ikicheza bila sauti. Wifi akaniona. Mbio kwa mama mkwe, eti namnuizia kaka yake maneno ya kichawi.

Loo! Jana saa ya kuona wagonjwa wakaja wote, na baba mdogo wao nyuma kama askari. Mama mkwe akasema, kwa sauti ya kushindana na mashine ambayo hata haikuwapo, kwamba mke mwema humwomba Mungu kila mtu akasikia, na anayenong'ona ana lake jambo. Niombe pale pale kwa sauti, la sivyo nitoke kwao na nguo nilizovaa, mtoto abaki, maana ni damu yao. Wifi akaongeza kwamba labda Mungu wangu ni bubu, ndiyo maana tunaelewana. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Wagonjwa wakainua vichwa utadhani wamelipa kiingilio.

Nikafungua mdomo. Dada, hakikutoka kitu. Mama mkwe akamshika mtoto mkono, akaanza kumvuta kutoka mgongoni mwangu. Nikafumba macho, nikamwambia Mungu moyoni kwamba niko hapa na ninaogopa. Basi, sikuwa na jingine. Umewahi kuona mashine ikizimwa? Kwanza mngurumo unakufa, halafu vumbi la unga linashuka taratibu, mpaka ukuta wa pili unaonekana. Ndivyo nilivyotulia. Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Ila nilijua siko peke yangu, kama mama anavyojua gizani kwamba mwanawe yupo kitandani, bila hata kumpapasa.

Nikafumbua macho, nikambandua mama mkwe vidole kimoja kimoja, bila kumuumiza. Nikamwambia kwamba namheshimu kama mzazi wangu, lakini mtoto simwachi na dua yangu siibadilishi. Kama yeye haisikii, hakuambiwa yeye. Akapiga ukelele ambao ulimleta nesi, na nesi akawatoa nje wote watatu. Walinitukana mpaka getini, na mama mkwe akaapa kwamba nyumbani tutajuana.

Homa bado ipo, ingawa leo asubuhi mume wangu amenitambua, akaomba maji.

Najua umeniita nirudi kwako na mtoto. Ngoja nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Muda wote ule walipodhani naloga, sikuwa nauombea mkono peke yake. Nilikuwa namsihi Mungu aniondolee chuki niliyo nayo kwa mama mkwe, maana kuna mchana nilitamani ule mkanda ungemkamata yeye. Chuki haijatoka, dada. Uoga ndio umetoka. Naona Mungu ameanza na huo, na hilo jingine ameliweka foleni. Kwa hiyo sirudi. Leo nitamfunga mtoto mgongoni, nipite mbele yao, nisalimie kwa adabu, niingie chumbani kwangu.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie sijamsahau. Ukinijibu, andika herufi kubwa, kusoma kwangu unakujua.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa huyu anayenivuta kalamu.