Saa za Ubavu wa Kushoto

Kwako Mama Rispa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanawake, katika hospitali moja ya hapa Migori ambayo sitaitaja, na majina yote humu nimeyabadilisha, langu likiwamo, kwa sababu jambo nitakalokueleza linaweza kumfukuzisha kazi mtu mwingine, na mwenye kosa ni mimi. Nimesoma safu yako miaka mingi nikiwatikisia kichwa wanaokuandikia, na leo ni zamu yangu kutikisiwa.

Niite Abdikarim. Nina miaka sabini na mbili, ni mtu wa bara ya Lamu, kutoka kijiji ambacho hakipo tena, tulikihama wakati wa vita vya shifta nikiwa na miaka kumi na miwili, tukaacha visima na makaburi, tukakaa Malindi, kisha Mombasa, na mwaka wa themanini na tatu nikaja Migori na mke wangu Mwanamvita kufungua duka la leso na mikeka, tukiambizana kwamba tutakaa miaka miwili. Hatukujaliwa mtoto. Watu wa kwetu waliokuwa hapa wamekufa au wamerudi pwani, hata sasa katika mji huu mzima amebaki mmoja tu ninayezungumza naye Kitikuu, lugha yetu Wabajuni, naye ni mke wangu. Kiswahili nazungumza na wateja, Kijaluo cha sokoni nakiweza, lakini hakuna mwingine ninayeweza kumtajia kisima fulani akakumbuka ladha ya maji yake.

Wiki tatu zilizopita Mwanamvita alipigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa ganzi, mkono na mguu, na maneno yakampotea, yakabaki machache, nayo yote ya Kitikuu, ambayo wauguzi hawayajui. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa hana dada wala binti wa kumkalia, sista mkuu alinipa ruhusa isiyo ya kawaida: nikae wodini kuanzia baada ya chai ya asubuhi hadi alasiri, mwanamume peke yangu katikati ya wanawake, kwa masharti kwamba nitatulia upande wangu na nitasaidia kumgeuza.

Aliyenifundisha ni muuguzi kijana, nitamwita Beverlyne, msichana wa Ntimaru aliye kazini kwa mkataba. Alinionyesha kwa upole kwamba mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, kwamba kila baada ya saa mbili lazima abadilishwe, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, na kwamba kila mara niitazame ngozi mahali mifupa ilipojitokeza. Akanionyesha karatasi iliyoning'inia mwisho wa kitanda, yenye saa, upande na hali ya ngozi. Wao walikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne. "Mzee, mchana wewe ujaze," akasema, "mimi nitakuja niweke sahihi mwisho wa zamu." Nilifurahi kupewa kazi. Nina mwandiko mzuri.

Sasa nikueleze kosa. Kiti changu kilikuwa kulia kwa kitanda. Kushoto palikuwa na kijinjia chembamba, halafu kitanda cha mama mmoja wa Uriri aliyevunjika paja, mguu wake umening'inizwa kwa uzito, nitamwita Phelesia, na mimi kuketi pale katikati, mbele ya mwanamke asiyeweza hata kujifunika sawasawa, niliona ni aibu. Kwa hiyo Mwanamvita akilalia ubavu wa kulia ananitazama mimi, na akilalia wa kushoto anamtazama Phelesia, na mimi nabaki na mgongo wake.

Phelesia ni mtu wa maneno. "Wewe jaduong'," aliniambia siku ya tatu, na jaduong' ni mzee kwa Kijaluo, "huyu mama ameangalia ndevu zako miaka arobaini, hajachoka? Leta yeye huku na mimi nimpigie story." Nikamgeuza. Phelesia akaanza kumwiga daktari anavyotembea, hali mwenyewe amefungwa mguu, akiigiza kwa mikono mitupu, na Mwanamvita akacheka, Mama Rispa, kwa nusu ya mdomo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue, nami nilikuwa nyuma nikakisikia bila kukiona.

Kuanzia siku ile nilianza kuiba saa za kushoto. Ikifika zamu ya kushoto namlaza kulia tena, au wauguzi wakimgeuza huko, wakishaondoka namrudisha kulia, na kwenye karatasi naandika "kushoto, ngozi nzima" kwa ule mwandiko wangu mzuri. Muuguzi mmoja aliponikuta nikimrudisha nilimwambia kwamba sisi tumefundishwa kulalia ubavu wa kulia, na kwamba akiwa hivyo huelekea kibla, na yote mawili ni kweli, na mtoto wa watu akaona haya kubishana na dini yangu. Mwanamvita alikuwa akishika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima na kuking'ang'ania. Nilijiambia anashikilia asianguke. Phelesia alinung'unika mara moja, "Huyo anaumia, mzee," nami nikajifanya nasoma gazeti.

Siku ya kumi na sita Beverlyne alikuja na beseni kumwosha, akafunua nyonga ya kulia, akaweka beseni chini. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, kimeshaingia kwenye nyama, na ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi zaidi na ngumu.

"Mzee, hii imeanza lini?"

"Sijui, binti yangu."

Akachukua karatasi akaisoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Lakini hapa amegeuzwa. Kila masaa mbili. Kulia, mgongo, kushoto." Akaniangalia, nami nikachukua beseni nikaenda kubadilisha maji.

Sista mkuu amesema kwamba ikiwa mgonjwa aligeuzwa sawasawa na bado amepata kidonda, basi muuguzi hakuwa akikagua ngozi, na sahihi ni yake. Beverlyne ametakiwa aandike maelezo, na Jumatatu saa nne ataitwa kikaoni. Jana alinipita mlangoni, akanishika bega. "Usijisumbue, mzee, hata wewe umechoka." Tangu hapo sijaweza kula vizuri.

Nikisema, watanitoa wodini, na watakuwa na haki. Nitabaki na zile saa za kutembelea wagonjwa, na saa zilizobaki nitakuwa nyumbani, ambako nimeshaanza kusoma magazeti kwa sauti ili nisikie mtu. Nisiposema, binti huyu atapoteza mkataba. Nimewaza kunyamaza na kumgeuza mke wangu kwa uaminifu tangu sasa, labda vitendo vitalipia. Nashauriwaje?

Abdikarim, Migori

* * *

Mzee wangu Abdikarim,

Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaiweka mbele ya nyingine zote ili ikukute kwenye gazeti la Jumamosi. Pole kwa ugonjwa wa Bi Mwanamvita. Pole pia kwa ule upweke, maana umeueleza nikaona nyumba yako. Nikishamaliza pole, nikugombeze.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, mingi yake kwenye wodi za Homa Bay. Nimewaona watu wakiwaumiza wagonjwa wao kwa uji wa moto, kwa mizizi ya kuchemsha, kwa kuwafungisha saumu ya maombi. Wewe ni wa kwanza kukutana naye aliyemuumiza mkewe kwa kutaka kumtazama. Na dini usiitwishe mzigo wako. Nimempigia simu ustadhi ninayemwamini, akaniambia mgonjwa huwekwa anavyoweza na anavyopona. Ulikuwa unajua. Ndiyo maana kibla ulimtajia muuguzi na hukuitaja kwenye karatasi.

Ulimlaza mtu kwenye upande wake uliokufa ganzi, upande ambao hauwezi kumpigia kelele. Mfupa wa nyonga ukakandamiza ngozi, damu ikakosa kupita, saa baada ya saa. Alichobakiwa nacho ni mkono mmoja mzima, akautumia kukuambia, nawe ukaupa maana iliyokufaa. Hata ungekagua, sidhani ungeona mapema, kwa sababu watu wengi hungojea wekundu, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri. Unagusa. Unalinganisha nyonga hii na ile. Palipo na joto zaidi, au pagumu, au palipolegea kama tunda lililopondeka, au rangi imekolea na haibadiliki hata ukiinua uzito kwa muda, hapo ndipo pameanza, na unaita muuguzi wakati huohuo.

Unauliza kama unaweza kunyamaza ukalipa kwa vitendo. Hapana, na sababu yake si Beverlyne peke yake. Kuna jambo hukuliona. Karatasi yako bado inasomwa. Daktari anaitazama leo na kujiambia: huyu amegeuzwa kila saa mbili na bado amechunika, basi labda ana sukari, labda damu haifiki mguuni, labda lishe, ngoja tumpime, ngoja tumwongezee dawa. Na kwa kuwa kugeuzwa kumeonekana hakukusaidia, watu watalegea kumgeuza. Uongo wako haujaisha, mzee wangu. Uko kazini kila siku, unamtibu mke wako.

Beverlyne naye ana lake. Aliweka sahihi kwenye mambo ambayo hakuyaona, na hilo atalijibu. Lakini ajibu hilo tu, asibebeshwe na lako.

Kwa hiyo Jumatatu usingoje saa nne. Uwe mlangoni kwa sista mkuu saa mbili asubuhi. Omba ile karatasi, na kwa mkono wako weka alama kwenye kila mstari wa uongo, siku kwa siku, saa kwa saa, kadiri unavyokumbuka, na usiyokumbuka useme huikumbuki. Usilie kwanza. Usianze na Lamu wala vita. Anza na saa. Ukimaliza, omba ukaingie kikaoni uyarudie mbele ya binti huyo, halafu umwombe radhi. Kisha mwombe radhi mkeo, kwa lugha yenu, kabla hajaambiwa na mwingine.

Wanaweza kukutoa wodini. Ukitolewa, toka kwa heshima, uje kila saa ya kutembelea, umepiga pasi kanzu yako. Baada ya muda omba tena. Nimewahi kuwa sista mkuu, na nakuambia mtu aliyejishtaki mwenyewe na karatasi mkononi ningemrudishia kiti, ila kalamu nisingempa tena.

Na kidonda. Ubavu wa kulia haulaliwi tena mpaka watakapokuambia pamepona, na hilo huchukua wiki, pengine miezi. Atalala ubavu wa kushoto na mgongo, kwa zamu, na asilazwe ubavu wima juu ya mfupa. Ainamishwe kidogo tu, mto umshike mgongoni, mto mwingine kati ya magoti, visigino vielee bila kugusa godoro. Asilale kwenye majimaji hata dakika. Usisugue palipobadilika rangi, na usipake asali, mafuta wala unga wowote ulioambiwa na watu. Kama anameza bila kupaliwa, mpikie omena, wale dagaa wa ziwani, mayai na maharagwe laini, maana nyama mpya haijengwi kwa chai na mkate.

Umeelewa maana yake? Saa nyingi za miezi hii uso wake utakuwa kwa Phelesia. Wewe ndiye uliyeyaleta hayo na utayavumilia. Kaa nyuma yake, weka mkono begani, zungumza Kitikuu, maana masikio yake hayakuguswa na ugonjwa. Naye Phelesia, atakayemtazama usoni kutwa nzima na kumwona akikunja uso, haelewi mkeo anachoomba. Mwendee upande wake, msalimie, omba pazia livutwe kwenye mguu wake kama haya inakusumbua, kisha mfundishe yale maneno machache aliyobaki nayo Mwanamvita. Anza na lile analolisema akiumia.