Faili Lako, Bibi

Shikamoo Bibi. Sijamwambia mtu mwingine: hii kazi ambayo ukoo mzima unanipongeza kwa kuipata, naichukia.

Umeuliza kwa nini siku hizi huitwi kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa. Bosi wangu hapa ofisi ya chama cha ushirika aliniambia nipange upya mafaili ya wakulima. La marehemu Babu nikalipeleka stoo, kisha nikafungua jipya kwa jina lako.

Bosi akacheka. "Binti, mjane ana faili? Muweke kwa mwanawe."

Nikakuweka kwa Baba Mkubwa, ambaye hajawahi kuchuma hata debe moja. Sasa barua zako zinamfuata yeye Mwanza.

Faili lako tupu nimelificha kwenye droo yangu. Mama hajambo, anawasimulia majirani hapa Buhembe kwamba nina kazi nzuri. Tafadhali Bibi, usimwambie.