Milango Arobaini ya Baba

3 Februari

Dada,
Habari za huko? Mimi mzima. Macho ya Baba yanaendeleaje? Mwambie milango yote aliyochonga ataiona kwenye tovuti ninayomjengea kabla macho hayajazimika. Ila usinihimize. Hiyo programu ya kujenga tovuti kwa kuburuta unayoisifu nimeijaribu, ni mchezo wa chekechea: unavuta picha, unadondosha, eti umejenga. Nyingine niliyojaribu inachukua muda mrefu kufunguka kuliko mzee kupanda ngazi. Takataka zote. Nitaandika msimbo mwenyewe, mstari kwa mstari.
Kaka yako

11 Februari

Kaka,
Shikamoo, japo sijui kama unastahili. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia, daktari anasema likijitahidi litafika Aprili. Jana Baba alilikaribisha chai koti lililotundikwa ukutani. Mimi msusi tu, lakini kwa hiyo programu ya chekechea ningemaliza Jumapili moja. Baba ndiye aliyekataa, akasema kazi hii tumwachie msomi. Picha arobaini nilishakutumia. Sasa msomi, fanya kazi.
Dada yako

2 Aprili

Dada,
Pole kwa kumuuguza mzee. Msimbo wa mkono niliuacha, ni kujitesa bure. Nikahamia programu nyingine, nayo wameivuruga kwenye toleo jipya. Nimetengeneza jedwali la kulinganisha programu tisa, kwa kasi na kwa mwonekano. Yako imeshika mkia, nilijua tu. Na usinitajie tarehe tena, fundi hapigiwi kelele.
Kaka yako

27 Mei

Dada,
Natumaini hamjambo. Mbona kimya? Tovuti iko hewani, inafunguka kufumba na kufumbua. Mwonyeshe Baba, halafu uniambie kama ile yako ingeweza.
Kaka yako

4 Juni

Kaka,
Sisi tupo. Jicho la kulia lilizimika tarehe tatu Mei. Sikukuandikia kwa sababu uliniambia nisikutajie tarehe.

Nilipomwambia tovuti yako iko tayari, Baba alikaa kwenye stuli yake ya karakana, akaniambia, "Basi nisomee, mwanangu." Nikafungua. Ukurasa wa kwanza unasifu kasi ya tovuti. Wa pili unaeleza kwa nini hukutumia programu ya kuburuta. Kisha picha arobaini, na chini yake hakuna neno hata moja.

Baba alikuwa anasubiri. Nikaanza kutunga, nikijifanya nasoma: huu ni wa zahanati, umepakwa rangi mara sita na bado haujapinda; huu ni wa chumba cha Mama, bawaba zake hazijawahi kupiga kelele. Nilitunga mpaka wa arobaini.

Akauliza nani kaandika maneno mazuri vile. Nikasema ni wewe. Alilia kwa furaha, akakuombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina. Kaka, katika maisha yangu sijamdharau mtu kama nilivyokudharau dakika ile.
Dada yako