Ukoka wa Mama Neema

Jumatano jioni

Utakayeliokota daftari hili, nakusihi, usimsimulie mtu hata neno moja.

Mama Neema, mke wa bosi wangu, amefariki. Kesho anaagwa kwake Magomeni, kisha anasafirishwa kwenda kuzikwa Moshi. Ukoka alioupanda uani kwa mikono yake ulikuwa umefunikwa na maji ya mvua. Bosi alinikabidhi mimi, karani wake: “Chimba mfereji maji yatoke. Mtu asikanyage mpaka pakauke.”

Nilichimba. Lakini watu wa maturubai walipofika niliogopa waombolezaji watalowa, nikawaruhusu waingie. Kufikia saa tisa palikuwa tope tupu.

“Nani kawaruhusu?” bosi aliuliza.

Nikainama kuokota jembe. Mzee Saidi, mtunza bustani, akaniangalia, akasema, “Ni mimi, bosi. Nisamehe.”

“Mzee Saidi! Hata wewe? Marehemu alikuwa akikuita kaka.”

Baadaye nilimfuata mzee kwenye bomba, akinawa miguu. “Wewe bado uko kwenye majaribio ya kazi, mwanangu,” aliniambia. Hakunitazama.



Ukitaka kunirudishia daftari, usije ofisini kwetu, mtaa wa Gerezani. Njoo msibani kesho, kabla jeneza halijatoka, uulize karani aliyeharibu ukoka. Nitakuwa nimeshamwambia bosi ukweli; nataka wakuonyeshe mimi, si Mzee Saidi.